Mwili wa Mdadisi: Tuliyojifunza Kwenye Madodoso ya Kaya Kigoma na Tabora

Mdadisi mpya, yaani mtu anayetumwa kuhoji kaya kwa dodoso, hupewa siku kadhaa za mafunzo kabla ya kwenda uwandani. Hufundishwa kaya ni nini na nani ahesabiwe humo, hupitishwa kwenye dodoso swali kwa swali, huzoezwa kishikwambi mpaka vidole vijue njia. Kuhusu mwili wake mwenyewe huambiwa maneno machache tu: vaa kwa heshima, uwe mchangamfu. Kisha hupelekwa Buhigwe kule Kigoma au Kaliua kule Tabora, hupiga hodi, na kabla hajasoma swali la kwanza kaya imeshaamua itampa majibu ya aina gani.

Kukataliwa mlangoni ni hasara ndogo. Kaya iliyokataa inaandikwa, msimamizi anaijua, anarudi na mwenyekiti wa kitongoji. Hasara kubwa ni kaya iliyokukaribisha, ikakupa kigoda, ikajibu kila swali, na majibu yote yakawa ya kukuridhisha au ya kujikinga nawe. Ng'ombe kumi na wawili wanatajwa watatu. Kijana aliyekwenda kutafuta maisha Mpanda hatajwi kabisa. Choo "kipo", na huku hakuna. Kishikwambi hakina namna ya kulijua hilo: fomu imejaa, imekubali, imetumwa.

Sensa iliyoanza tarehe 23 Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima. Tabora 3,391,679 na Kigoma 2,470,967. Namba hizo zilipatikana uso kwa uso, mtu kwa mtu, kaya moja baada ya nyingine. Ndivyo ilivyo pia kwa utafiti wa afya ya uzazi na mtoto, wa mapato na matumizi ya kaya, na kwa madodoso madogo ya miradi. Kwa hiyo namna mdadisi alivyovaa, alivyokaa na alivyotazama huingia moja kwa moja kwenye takwimu. Anayejiandaa kwa kazi hii aanze maandalizi hapo, hata kabla ya kulikariri dodoso.

Nguo

Kila kaya ina swali lake la kwanza: huyu katumwa na nani? Hawalisemi. Wanasoma nguo.

Kigoma imepakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Familia nyingi zina ndugu pande zote mbili, na mgeni mwenye karatasi anayeuliza nani amezaliwa wapi anafanana sana na mtu wa Uhamiaji. Mdadisi wa kiume akivaa shati jeupe lililochomekewa, suruali ya kaki, mabuti na miwani myeusi, amekamilisha sura hiyo bila kukusudia. Atajibiwa vizuri, kwa adabu, na idadi ya wanakaya itapungua. Wanaoachwa ni walewale: shemeji aliyekuja kulima, mama mkwe mwenye lafudhi ya Kirundi, kijana asiye na cheti cha kuzaliwa.

Tabora hofu ni nyingine. Urambo, Sikonge na Kaliua watu wanaishi jirani na misitu ya miombo na hifadhi. Ukivaa kijani iliyoiva na mabuti unaonekana mtu wa misitu, na mchoma mkaa, mpasua mbao au mfugaji aliyeingiza mifugo hifadhini hatakuwepo nyumbani siku hiyo. Msimu wa masoko ya tumbaku nako kuna sura ya mtu wa madeni: shati la ofisini, mkoba wa mkononi, kalamu mfukoni. Mkulima anayedaiwa pembejeo na chama chake cha msingi cha ushirika akiona hivyo ataanza kupunguza mavuno kabla hujauliza.

Rangi za vyama ziachwe nyumbani, na hasa mwaka wa uchaguzi. Kijani na manjano kila mtu anajua ni za nani. Kigoma zambarau nayo ina mwenyewe, ACT Wazalendo, na huko chama hicho kina wafuasi wengi. Hata mtandio wa rangi hiyo unaweza kukupa nyumba kumi zenye ushirikiano na nyumba kumi zenye kimya. Nguo za mabakamabaka ya kijeshi haziruhusiwi kwa raia, kwa hiyo hata kofia ya namna hiyo usiibebe.

Kinachofanya kazi kwa mwanamume ni suruali ya kadeti isiyobana, ya kahawia au bluu iliyoiva, na shati la kola la rangi moja lenye mikono mirefu unayoweza kukunja. Modo ya kubana na mlegezo havifai: utachuchumaa, utaketi chini, na nguo hizo zitakuaibisha. Viatu viwe vya kufunga, lakini vinavyovuka kwa haraka, maana nyumba nyingi za Ujiji utavivulia mlangoni. Soksi ziwe safi na zisiwe na matundu. Linaonekana jambo dogo, lakini mdadisi anayeficha kidole gumba chini ya mkeka hawezi kutulia, na asiyetulia hufupisha mahojiano.

Mwanamke achague gauni au sketi inayovuka magoti hata anapokuwa ameketi chini. Kipimo ni hiki: tandika mkeka nyumbani, keti, nyoosha miguu upande, kisha inuka bila kushika nguo. Ikibidi uishike, hiyo nguo haifai. Kwa bodaboda suruali inasaidia, basi ivaliwe ndani na gauni au kitenge juu. Beba khanga mbili: moja ya kujifunga ukiketi, moja ya kujitanda unapoingia nyumba ya wazee au ya watu wa dini. Kucha ndefu za bandia zinagonga kioo cha kishikwambi na kila mtu anazitazama zenyewe badala ya kukusikiliza. Kope za bandia vilevile. Huko mjini hazina neno, lakini dodoso la saa moja na nusu linahitaji mhojiwa asahau sura yako.

Tunasisitiza pia kutopita kiasi upande wa pili. Wapo wanaodhani wakivaa vibaya watafanana na wanakijiji. Mwanakijiji anayepokea mgeni wa serikali huvaa nguo yake nzuri, na ukimjia na ndala na fulana iliyochakaa anaona umemdharau. Safi, ya kawaida, isiyong'aa: hapo ndipo pa kusimama. Dodoso litauliza kama kaya ina redio, godoro, simu, baiskeli. Swali la godoro likitoka kwa mtu mwenye saa kubwa na mkufu, mhojiwa mmoja ataona aibu na kuongeza, mwingine ataona fursa na kupunguza.

Gari nalo ni sehemu ya mavazi yako. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996, ya Nduta ikawa Kibondo, na vijiji vya maeneo hayo vimezoea magari meupe ya mashirika yenye antena ndefu mbele. Ukishuka kwenye gari la namna hiyo uwanjani kwa mtu, maswali ya chakula na mali yanageuka kuwa maombi ya msaada. Milo inapungua, mbuzi wanapotea. Gari libaki ofisi ya kijiji. Mita mia tano za mwisho ziwe za miguu.

Baada ya bodaboda ya kiangazi utakuwa mwekundu kwa vumbi mpaka nyusi. Uwe na kitambaa na chupa ndogo ya maji. Futa uso, mikono na viatu kabla ya kufika. Marashi makali acha. Kama unavuta sigara, usivute kabla ya mahojiano, kwani ndani ya chumba kidogo harufu hiyo itakaa kati yenu mpaka mwisho.

Kitambulisho kivaliwe kifuani, juu ya kizibao cha kazi, na utepe ufungwe fundo fupi ili kisigeuke upande usio na picha. Wazee wengi hawasomi maandishi yale madogo. Wanalinganisha picha na uso. Picha ikiwa imegeuka, umekuja bila kitambulisho.

Kufika

Saa ya kufika inasema kama unamjua unayemwendea. Kwenye mialo ya Ziwa Tanganyika, kama Kibirizi na Katonga, wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa, wakati wa giza. Asubuhi wanalala. Mdadisi anayemwamsha mvuvi saa tatu asubuhi anaketi mbele ya mtu aliyefumba macho nusu na anayejibu "sijui" ili arudi kulala. Siku za mbalamwezi kali, uvuvi huo unapopumzika, ndizo siku zao za kukaa na mgeni. Kasulu na Buhigwe asubuhi ni ya shamba, kwa hiyo kuanzia saa nane mchana utawakuta. Tabora, mvua za kwanza zikinyesha, hata jioni ni ngumu.

Njoo kwa njia ya mbele, inayoonekana. Kukatiza nyuma ya nyumba ni kuingia bafuni na chooni kwa watu. Simama ukingoni mwa uwanja, hatua sita hivi kutoka mlangoni, ukiwa upande, usiutazame mlango moja kwa moja. Vua miwani ya jua. Vua kofia. Helmeti ya bodaboda ivuliwe kule kule kwenye pikipiki, maana mtu mwenye helmeti kichwani anatisha watoto, na mtoto akikimbia akilia mahojiano yameanza vibaya. Mikono ionekane, isiwe mifukoni. Mkiwa wawili, mmoja atangulie na mwingine abaki nyuma kidogo. Wawili wakija sambamba wanafanana na wakamataji.

Hodi tatu, na nafasi kati yake. Ukikosa jibu, ondoka, rudi wakati mwingine. Kwa kawaida madodoso yanakutaka urudi mara tatu kabla ya kuandika kaya haikupatikana, kwa hiyo hakuna sababu ya kuchungulia dirishani. Anayechungulia huonekana na majirani, na habari hiyo inakutangulia kwenye nyumba zote zinazofuata.

Salamu ndiyo sehemu ambayo wadadisi wa mjini huikata zaidi, kwa sababu wana hesabu ya kaya za siku. Mtu mzima apewe shikamoo huku kichwa kimeinama kidogo na magoti yamelegea. Kwa Waha, "mwidiwe" inayotamkwa vibaya lakini kwa utulivu inafungua zaidi ya Kiswahili fasaha kinachokimbia. Tabora "mwangaluka" ya asubuhi ina kazi hiyohiyo. Baada ya salamu kuna habari za nyumbani, za mvua, za wagonjwa. Zijibu ukiwa umemtazama mtu. Ukianza kufungua begi wakati mzee bado anauliza habari za ulikotoka, umemwambia kwamba hiyo salamu ilikuwa tiketi tu.

Mkono usinyooshwe kwa mwanamke kwanza, hasa Ujiji. Subiri. Akinyoosha yeye, pokea kwa wepesi. Asiponyoosha, kiganja chako kifuani na kuinama kidogo kunatosha. Mama akikusalimu kwa kupiga goti, usimwinue na usicheke kwa aibu. Inama nawe mpaka uso wako ushuke, itikia, kisha simameni pamoja. Kitu chochote unachompa mtu, iwe fomu ya ridhaa au kalamu, kitolewe kwa mkono wa kulia au kwa mikono miwili. Maji ukipewa yapokee hivyohivyo.

Kukaa

Kwa maoni yetu hapa ndipo majibu mengi yanapoharibika, na hakuna anayepaangalia.

Kaya ikipokea mgeni humpa kiti kizuri kuliko vyote. Mama mwenyewe huketi mkekani au kwenye kigoda. Basi mdadisi yuko juu, mama yuko chini, kishikwambi kiko kati yao, na mama anajibu akimtazama mtu kutoka magotini. Kwa mwendo huo utapata "ndiyo" nyingi sana. Kukikataa kiti ni kukataa heshima, kwa hiyo kipokee, keti kidogo, shukuru, kisha uombe: "Mama, naomba nisogee kwenye kigoda hiki ili niandike vizuri." Sababu ya kuandika inakubalika na kila mtu. Mdadisi wa kike anaweza kuomba mkeka. Wa kiume asiketi mkeka mmoja na mke wa mtu. Achukue kigoda, umbali wa mita moja na nusu hivi, mahali ambapo wapita njia wanawaona lakini hawawasikii.

Usikae uso kwa uso kabisa. Geuka kidogo ili magoti yenu yaelekee sehemu moja, mhojiwa aweze kutazama uwanjani anapofikiri. Mtu anayekumbuka kiasi cha maharage alichouza mwezi uliopita anahitaji mahali pa kuweka macho. Usikae kati yake na mlango, wala kati yake na jiko. Chungu kikifurika na wewe umeziba njia, kuanzia hapo anajibu chungu, hakujibu wewe. Jua nalo: mwenye jua usoni ni wewe, asiwe yeye.

Kishikwambi hukaa mapajani, kimelala, kioo kikionekana na wote wawili. Ukikiinua mpaka kidevuni kinakuwa ukuta, na mwanga wake unakufanya uonekane unasoma habari zake. Wapo wanaodhani unawapiga picha. Mwanzoni mgeuzie akione, mwonyeshe swali lilivyoandikwa, mwambie taarifa zake zinalindwa na Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, na zitatumika kwa takwimu tu. Maneno hayo yamo kwenye fomu ya ridhaa, lakini yakisemwa ukiwa unatazama kioo hayaaminiki.

Macho yana mpangilio wake. Soma swali kama lilivyoandikwa, inua uso unapofika neno la mwisho, mtazame mpaka amalize kujibu, ndipo ushuke kuandika. Wengi hufanya kinyume: wanatazama kioo wakati mtu anajibu, kisha wanamtazama wakiwa kimya. Matokeo yake mhojiwa hufupisha majibu ili yaendane na kasi ya kidole chako. Baada ya swali gumu hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo kabla ya kurudia. Kimya cha sekunde tano kinamtesa mdadisi kuliko mhojiwa, na ndani yake ndimo mama anapokumbuka mtoto wa nne.

Simu iwe kimya, ndani ya begi. Ikilala mapajani utaitazama, hata kama hutaki.

Uso na kichwa

Kutikisa kichwa kuna hatari kubwa. Mdadisi mchangamfu hutikisa kichwa kwa nguvu jibu likiwa "zuri": wanatumia chandarua, wanachemsha maji, watoto wote wako shule. Kwa jibu "baya" anatulia. Ndani ya maswali kumi mhojiwa amejifunza anachokipenda mgeni, na anampa. Jizoeze itikio moja kwa majibu yote, "ehee" ya sauti ileile, kichwa kikishuka mara moja. Zoezi letu ni la watu watatu: mmoja anauliza, mmoja anajibu uongo na ukweli kwa kuchanganya, wa tatu anatazama uso wa anayeuliza tu na kuandika kila anapokunja nyusi, kutabasamu au kuvuta pumzi. Dakika ishirini za zoezi hilo zinafundisha kuliko nusu siku ya mihadhara. Wengi hushtuka kusikia nyuso zao zimesema nini.

Sauti nayo ifanyiwe hivyo. "Mna choo?" ikipandishwa mwishoni kwa mshangao ina jibu lake tayari.

Watoto usiwahesabu kwa kidole. Wapo wazazi wasiopenda kabisa watoto wao waelekezewe kidole na kutajwa idadi, na watakuficha wengine. Mwombe mama awataje kwa majina, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa, mikono yako ikiwa imetulia.

Upande wa kumsoma mhojiwa, tahadhari ya kwanza ni kutosoma kwa kiburi. Kijana au mke mdogo anayejibu macho chini anakuheshimu. Usiandike kwamba anaficha. Kucheka mbele ya swali la choo au la ndoa mara nyingi ni haya. Kuchora chini kwa kijiti au kuisokota pindo ya khanga huonyesha swali limegusa, na hapo punguza mwendo. Kuinua nyusi mara moja bila kusema ni "ndiyo" kwa watu wengi, lakini usijaze fomu kwa nyusi: "Nimesikia ndiyo, mama, ni sawa?" Asubiriwe aseme.

Ishara ambayo haina utata ni mhojiwa kumtazama mtu mwingine kabla ya kujibu. Mama anamtazama mume, kijana anamtazama baba, mzee anamtazama mwenyekiti aliyekuleta. Hapo ukweli umeshafungiwa. Mwenyekiti shukuru mapema, pale pale ukingoni, mwambie utampitia ukimaliza, na simama umgeukie mpaka aondoke. Ukiketi yeye naye ataketi. Mume mwombe akutafutie kadi za kliniki au hati za shamba, au mwenzako amhoji upande wa pili wa nyumba. Maswali ya ukatili wa nyumbani huulizwa mwanamke akiwa peke yake tu. Akitokea mtu yeyote, hata mtoto aliyeanza kusema, badilisha papo hapo, rukia maswali ya bustani au maji ukiwa na uso uleule. Mkono usiruke kufunika kioo. Faragha isipopatikana, sehemu hiyo inaachwa. Kuilazimisha kunaweza kumletea mwanamke kipigo usiku baada ya wewe kwenda zako.

Kama mhojiwa anazungumza Kiha au Kinyamwezi tu, mkalimani akae ubavuni mwako, nyuma kidogo. Akikaa katikati mazungumzo yatakuwa yao wawili. Mtazame mhojiwa unapouliza na anapojibu, hata kama huelewi neno; mtazame mkalimani anapotafsiri tu. Na mkalimani naye afundishwe uso. Mara nyingi dodoso limeharibiwa na mkalimani aliyeguna.

Swali la watoto waliozaliwa hai na baadaye wakafariki linahitaji kifungu chake. Kwenye utafiti wa afya ya uzazi haliepukiki, na kila mtoto anaulizwa kwa jina. Mwili wa mama hubadilika kabla hajasema: mabega yanashuka, mkono unakwenda shavuni. Acha kuandika. Geuza kishikwambi kioo chini. "Pole sana, mama." Kisha nyamaza mpaka yeye mwenyewe ainue uso. Mwanamke kwa mwanamke, mkono juu ya mkono wake unafaa. Mwanamume abaki alipo, ainamishe kichwa. Machozi yako yakitoka yafute bila haraka na usiombe radhi kwa maneno mengi, maana atalazimika kukubembeleza wewe. Akisema tuendelee, endelea kwa sauti ya chini. Akisema basi, ni basi.

Mizigo hiyo inabebwa mpaka jioni. Timu ambazo msimamizi wake hakai na watu wake baada ya chakula na kuwasikiliza, huonekana kwenye kazi ya siku inayofuata: nyuso zimekauka, maswali yanasomwa haraka, na sehemu ya watoto waliofariki inakuwa na "hapana" nyingi kupita kawaida. Msimamizi akiona mfululizo huo amkague mdadisi kwanza, kabla ya kushangilia afya ya kijiji.

Uchovu wa kawaida nao una sura. Kaya ya kwanza asubuhi hupata mtu mwenye mgongo ulionyooka. Kaya ya tano, saa kumi jioni, hupata mtu aliyeegemea ukuta, anayepiga miayo na kugusagusa begi. Mhojiwa akiona begi linaguswa anajua unataka kuondoka, na kwa wema wake anakusaidia umalize. Kula kabla ya kaya ya tatu. Kama chakula kinatoka kwenye kaya yenyewe, onja kidogo kwa mkono wa kulia, shukuru, na usimalize sahani mbele ya watoto wanaotazama.

Kuondoka

Funga kishikwambi kabla ya kushukuru, ili shukrani isionekane ni sehemu ya fomu. Inuka baada ya mwenyeji kuinuka au kukuruhusu. Waage wote waliokuwepo, hata bibi aliyekaa kivulini asiyeulizwa chochote. Mwambie mkuu wa kaya kwamba msimamizi anaweza kurudi kuuliza maswali machache yaleyale ili kukagua kazi yako, umtajie kizibao atakachovaa; asipojulishwa ataona ameshukiwa kusema uongo.

Usisimame getini kuandika. Kilichobaki kiandike mbali, chini ya mwembe, nje ya macho yao, la sivyo wataamini umeongeza yale waliyokuambia pembeni. Usimcheke mtu na mwenzako mkiwa njiani. Nyumba inayofuata inawatazama tangu mlipoingia kwa jirani, na kicheko cha wadadisi wawili wanaotoka kwa mtu kina maana moja tu kwao. Hadithi za kaya zisubiri mpaka mfike ofisi ya kijiji, na hata hapo zitajwe kwa namba ya fomu, bila jina.